Mrejesho wa Ubongo: Tuuite Zoezi au Tuuite Dawa?

Utangulizi

Kila taaluma mpya inapobisha hodi kwenye mlango wa Kiswahili, sisi wanafunzi na walimu wa lugha hii hugawanyika makundi mawili. Kuna wale ambao hukimbilia kamusi kuitafutia jina, na kuna wale wanaoshikilia kwamba mgeni huyo hakuja kwetu, kwa hivyo na aachwe na lugha iliyomleta. Makala haya yanaegemea upande wa kundi la kwanza, ila kwa sharti moja: kabla ya kumpa mgeni jina, yafaa tumjue anakotoka, anachokiweza na asichokiweza. Jina likitangulia ujuzi hugeuka kuwa ahadi isiyo na wa kuitimiza.

Mgeni ninayemzungumzia ni mbinu ya kumwonyesha mtu, papo kwa papo, shughuli za ubongo wake mwenyewe ili ajifunze kuzibadili. Nitaiita mrejesho wa ubongo, na sababu za kuchagua jina hilo zitabainika baadaye. Mbinu hii imechunguzwa kwa zaidi ya miaka 60. Imejaribiwa kwa wenye kifafa, kwa watoto wasiotulia darasani, kwa waliokosa usingizi, kwa wenye sonona na hata kwa waliopooza mwili mzima. Leo hii vifaa vyake huuzwa mtandaoni pamoja na ahadi nono. Mzazi wa Nakuru au wa Mombasa aliye na simu mkononi huzisoma ahadi hizo kwa Kiingereza, kisha humsimulia jirani yake kwa Kiswahili. Hapo kwenye usimulizi ndipo sisi tunapohusika.

Hoja yangu ni kwamba utafiti uliopo unaturuhusu kuuita mrejesho wa ubongo zoezi. Hauturuhusu, angalau kwa sasa, kuuita dawa. Na tofauti hiyo si ya maneno matupu. Yaweza kuamua iwapo mgonjwa ataendelea kumeza vidonge vyake au atavitupa.

Kichwa, elektrodi na tarakilishi

Ubongo hufanya kazi kwa umeme. Mabilioni ya seli zake hupelekeana ishara, na seli nyingi zinapofanya hivyo kwa mpigo mmoja, mwangwi wa umeme huo hufika hadi kwenye ngozi ya kichwa. Ni umeme hafifu mno, unaopimwa kwa sehemu za milioni za volti. Hans Berger, daktari wa maradhi ya akili katika mji wa Jena nchini Ujerumani, aliunasa kwa mara ya kwanza kutoka kichwani mwa binadamu mwaka 1924, akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Wataalamu wengi walimtilia shaka hadi Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipoyathibitisha mwaka 1934.

Berger alitambua kwamba mtu aliyefumba macho na kutulia hutoa mawimbi ya takriban 10 kwa sekunde, na kwamba akifumbua macho mawimbi hayo hufifia. Akayaita alfa, kwa herufi ya kwanza ya Kigiriki. Yale ya kasi zaidi akayaita beta. Baadaye yaliongezwa theta, ambayo huenda kati ya 4 na 8 kwa sekunde na huonekana sana mtu anaposinzia, na delta, ambayo ni ya polepole kuliko yote na hutawala katika usingizi mzito.

Katika mrejesho wa ubongo, vijisahani vidogo viitwavyo elektrodi hubandikwa kichwani kwa uji maalumu. Hakuna umeme unaoingizwa kichwani; kinachofanyika ni kusoma ule unaotoka. Tarakilishi huuchuja na kulitenga wimbi linalotakiwa. Mtoto huketi mbele ya kiwambo akitazama filamu au mchezo. Wimbi hilo likiongezeka, picha hung'aa na mchezo husonga. Likipungua, picha hufifia. Mtoto haambiwi namna ya kufanya. Hujaribu, hukosea, hujaribu tena, na aghalabu hurudia kazi hiyo kwa vipindi 30 hadi 40.

Sisi watu wa lugha hatuwezi kushindwa kulielewa jambo hili. Mtoto anayejifunza kutofautisha /dh/ na /th/ hujisikiliza anapotamka. Sikio lake ndilo mrejesho wa kinywa chake. Ubongo, kwa upande mwingine, haukuumbiwa sikio la kuyasikiliza mawimbi yake wenyewe. Mtambo tuliouelezea huuazima sikio hilo.

Safari kutoka kwa paka hadi kwa mwanadamu

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Joe Kamiya wa Chuo Kikuu cha Chicago alimketisha mtu chumbani, akawa anapiga kengele kila baada ya muda na kumtaka akisie kama ubongo wake ulikuwa ukitoa alfa au la. Kila jibu lilifuatwa na neno la kumjulisha kama amepata au amekosa. Baada ya siku chache baadhi ya watu walikuwa wakipata karibu kila mara, ingawa ilikuwa vigumu kwao kueleza walijuaje.

Katika miaka ya 1960, Barry Sterman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwageukia paka. Paka akitulia tuli huku macho yakiwa wazi, kama anayemvizia panya, sehemu ya ubongo inayohusika na mwendo hutoa mawimbi ya 12 hadi 15 kwa sekunde. Sterman aliwatuza kwa chakula paka waliotoa mawimbi hayo, nao wakajifunza kuyatoa kwa wingi. Baadaye alipewa kazi nyingine: kuchunguza kemikali itumiwayo kama fueli ya roketi, ambayo huwatia watu na wanyama mitukutiko ya kifafa. Miongoni mwa paka aliowatumia walikuwamo wale aliokwisha kuwafunza. Hao walichelewa kushikwa na mitukutiko kuliko wenzao.

Tukio hilo lastahili kuzingatiwa. Paka hana matumaini kwa daktari. Hajui kwamba anatarajiwa kupona, wala hataki kumfurahisha mtafiti. Ikiwa mafunzo yaliubadili ubongo wake, basi yaliubadili kweli. Mwaka 1972 Sterman na mwenzake walitoa ripoti ya mgonjwa wa kwanza wa kifafa aliyefunzwa kwa njia hiyo na mitukutiko yake ikapungua. Mwaka 1976 Joel Lubar wa Chuo Kikuu cha Tennessee akaihamishia mbinu hiyo kwa watoto wenye upungufu wa makini na wingi wa harakati, yaani wale ambao hawawezi kukaa wakatulia wala kulishikilia jambo moja kwa muda.

Kuna hatua nyingine inayotugusa sisi hasa. Mwaka 1999 Niels Birbaumer na wenzake wa Tübingen, Ujerumani, waliripoti kuhusu wagonjwa wawili waliopooza mwili karibu wote. Hawakuweza kusema wala kushika kalamu. Walifunzwa kupandisha na kushusha umeme wa polepole wa ubongo, na kwa kufanya hivyo wakawa wanachagua kati ya nusu mbili za alfabeti, kisha nusu ya nusu, hadi wakaifikia herufi wanayoitaka. Waliandika kwa mwendo wa kobe, lakini waliandika. Wagonjwa hao hawakupona. Walichopata ni ujuzi mpya, na ujuzi huo ukawarudishia neno. Sidhani kwamba kuna mfano bora zaidi wa kile ambacho mrejesho wa ubongo unaweza kukifanya.

Mizani ya utafiti wa sasa

Hata hivyo, safari kutoka kwa paka wa Sterman hadi kwa mtoto wa darasa la tatu haikuwa rahisi kama ilivyodhaniwa. Mtu akitibiwa akapata nafuu, nafuu hiyo yaweza kuwa imetokana na mambo mengi. Yaweza kutokana na tiba yenyewe. Yaweza kutokana na matumaini, au na kule kushughulikiwa na mtu mzima mpole saa nzima kila wiki, au na kupita kwa wakati tu. Njia ya kutenganisha mambo haya ni moja: kuwa na kundi la pili linalofanyiwa kila kitu sawa na la kwanza isipokuwa kile kitu kimoja kinachochunguzwa, na kuhakikisha kwamba mshiriki, mzazi wake na anayepima nafuu hawajui nani yuko kundi gani.

Tafiti za mwanzo hazikutimiza masharti hayo. Mwaka 2009 Martijn Arns na wenzake walizikusanya tafiti zilizokuwapo kuhusu watoto wenye upungufu wa makini wakahitimisha kwamba mrejesho wa ubongo ulikuwa na manufaa makubwa. Mwaka 2016 Samuele Cortese na wenzake walizipima tafiti upya, wakitenga maoni ya waliojua mtoto anapewa tiba na maoni ya wasiojua. Kwa waliojua, nafuu ilionekana. Kwa wasiojua, ilififia hadi ikawa haiwezi kutofautishwa na bahati.

Jaribio lililotafuta jibu kwa uangalifu mkubwa lilifanyika Marekani na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Watoto zaidi ya 140 wenye umri wa miaka 7 hadi 10 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa mrejesho wa mawimbi yao wenyewe. Kundi la pili liliketi kwenye viti vilevile, likabandikwa elektrodi zilezile na kutazama michezo ileile, ila picha ziliongozwa na mawimbi ya mtu mwingine yaliyorekodiwa awali. Watoto, wazazi na watafiti waliowapima hawakujua nani ni nani. Mwishoni makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na tofauti kati yao haikuwa ya maana.

Hali haikuwa tofauti kwa waliokosa usingizi. Mwaka 2017 Manuel Schabus na wenzake wa Salzburg, Austria, walichapisha utafiti ambapo kila mshiriki alipitia mrejesho halisi na ule wa bandia. Washiriki walisema kwamba wanalala vizuri zaidi baada ya yote mawili, lakini vipimo vya usingizi wao havikuonyesha mabadiliko hayo.

Uchanganuzi mpana zaidi kuhusu upungufu wa makini ulichapishwa mwishoni mwa mwaka 2024. Samuel Westwood na wenzake walizijumlisha tafiti 38 zenye washiriki 2,472. Kwa jumla, waliopima bila kujua hawakuona manufaa. Tafiti zilizofuata taratibu zilizozoeleka zilionyesha manufaa madogo, yaliyo chini ya yale ambayo mzazi angeweza kuyaona nyumbani bila kuyatafuta kwa tochi.

Si haki kuishia hapo. Upande wa kifafa, uchanganuzi wa mwaka 2009 uliojumlisha tafiti 10 ulionyesha kwamba wagonjwa 64 kati ya 87 walipata mitukutiko michache zaidi, ingawa tafiti hizo zilikuwa ndogo na nyingi hazikuwa na kundi imara la ulinganisho. Upande wa sonona, Kymberly Young na wenzake wa Tulsa, Marekani, walitumia mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini. Matokeo yao ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliofunzwa kuiamsha amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hisia, walipata nafuu kuliko waliofunzwa kwa sehemu nyingine isiyohusika. Hapo palikuwa na ulinganisho wa kweli. Lakini washiriki walikuwa 36 tu, na mashine yenyewe si ya kuwekwa sebuleni.

Watafiti wa fani hii wenyewe wameyaona mapungufu haya. Mwaka 2020 kundi kubwa la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilichapisha orodha ya mambo ambayo kila utafiti wa mrejesho wa ubongo wapaswa kuyatimiza na kuyaripoti. Taaluma inayojiwekea mizani si taaluma ya matapeli. Matapeli ni wale wanaouza kabla mizani haijatulia.

Jina huonyesha mlango wa kubisha

Msomaji ataniuliza: haya yote yanaihusuje idara ya Kiswahili? Namjibu kwa kumkumbusha neno moja analolijua. Mitukutiko ya mtoto mwenye homa kali huitwa degedege, neno ambalo ndani yake mnasikika dege, ndege mkubwa. Katika lahaja za kaskazini mwa pwani yetu, nyuni ni ndege, na nyuni pia ni maradhi hayohayo. Majina haya yaliambatana na imani kwamba kuna ndege au pepo anayempitia mtoto. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 1996 ulichunguza namna wazazi walivyoishughulikia degedege, kwa kuwa wengi wao hawakuihesabu kuwa ni malaria kali, na walimpeleka mtoto kwa mganga wa jadi kabla ya hospitali. Homa ilikuwa ileile na vimelea vilikuwa vilevile. Lakini jina lilikwisha kuonyesha mlango wa kubisha.

Silidharau neno degedege, wala siwalaumu wazazi hao. Kila mtu huenda kule anakoelekezwa na lugha yake. Ninachosema ni kwamba lugha huelekeza. Tazama upande wa pili: maradhi mapya yalipozuka katika miaka ya 1980, Kiswahili kiliunda neno UKIMWI kutokana na upungufu wa kinga mwilini. Jina hilo halikumtaja pepo wala laana. Lilieleza kinachoharibika mwilini, na kila mwalimu wa afya aliyesimama mbele ya watu alikuwa na pa kuanzia.

Kuhusu kifafa, hali yetu ingali ngumu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mitukutiko endapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Hapa Kenya, utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa waliochunguzwa hawakuwa wakipata dawa ipasavyo. Mitazamo hasi kuhusu tiba ya hospitali ilikuwa miongoni mwa sababu. Katika mazingira kama hayo, mtu akitangaza kwa Kiswahili fasaha kwamba imepatikana dawa mpya ya kifafa isiyo na vidonge, je, nani atabaki na vidonge vyake?

Kwa nini zoezi?

Neno dawa lina uzito wa pekee katika Kiswahili. Tuna dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya mapenzi, na husemwa kwamba dawa ya moto ni moto. Katika matumizi haya yote, dawa ni kitu kinachomaliza shida. Msikilizaji anayeambiwa kwamba mrejesho wa ubongo ni dawa ya utukutu haambiwi kuhusu uwezekano. Anaambiwa kuhusu mwisho wa jambo.

Neno tiba ni pole kidogo, lakini nalo lina kasoro. Mgonjwa hutibiwa. Kitenzi chenyewe kimemweka katika kauli ya kutendwa; kuna anayetenda na kuna anayetendwa. Katika mrejesho wa ubongo mambo si hivyo. Mtambo haumfanyii mtu kitu chochote. Mtu ndiye mtenda.

Zoezi, kwa upande wake, limetokana na zoeza, na zoeza limetokana na zoea. Ndani ya neno hilo moja mna nadharia nzima ya Sterman: kufanya jambo mara nyingi hadi likawa mazoea. Tena zoezi ni neno nyenyekevu. Hakuna anayefikiri kwamba kila afanyaye mazoezi ya kukimbia atashinda mbio za Boston. Tunajua kwamba mazoezi huhitaji muda, hutofautiana kwa watu na hayachukui nafasi ya chakula. Anayesikia zoezi hujiuliza kama linamfaa. Anayesikia dawa huuliza bei.

Kuhusu mrejesho, neno hili tayari tunalo katika ualimu na katika taaluma ya mawasiliano. Limejengwa kutokana na rejesha kama vile msimamo ulivyojengwa kutokana na simama. Wapo wanaoweza kupendekeza mrejesho wa neva. Naona pingamizi hapo, kwa sababu neva zimetapakaa mwili mzima, ilhali kinachosomwa ni ubongo. Kwa hivyo napendekeza mrejesho wa ubongo liwe jina la mbinu, na zoezi la mrejesho liwe jina la kila kipindi kinachofanywa. Neno tiba lihifadhiwe hadi ushahidi utakapolidai.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza nililolisikia kwa wenzangu lina mantiki. Ikiwa watoto wa makundi yote mawili walipata nafuu, kuna ubaya gani? Mgonjwa hahitaji nadharia, anahitaji kupona. Nami nakiri kwamba nafuu ni nafuu. Lakini tuitazame kwa makini. Ikiwa kundi lililoongozwa na mawimbi ya mtu mwingine lilipata nafuu sawa na lile la kwanza, basi kilichosaidia si wimbi. Huenda ni kule kuketi kwa utulivu mara 38, mbele ya mtu anayekujali na kukusifu, ukijaribu kulikazia jambo moja fikira. Mambo hayo hayahitaji elektrodi. Mzazi ana haki ya kujua hivyo kabla ya kuuza mbuzi. Isitoshe, kwa mwenye kifafa kosa ni ghali zaidi. Anayeacha dawa ghafla anaweza kupatwa na mitukutiko mfululizo inayohatarisha uhai.

Pingamizi la pili ni kwamba kazi hii ni ya madaktari. Sikubaliani. Daktari hujua kinachotokea kichwani, lakini hafunzwi namna ya kuchagua neno lisilopotosha. Sisi tunafunzwa hivyo kwa miaka minne. Tunachambua sitiari katika mashairi na kupambanua maana ya msingi na maana ya ziada. Ni aibu iwapo taaluma hiyo yote itaishia kwenye karatasi ya mtihani, ilhali tangazo linaloweza kumdhuru mtoto limejengwa kwa sitiari tupu. Yule anayeahidi kuuchaji upya ubongo kama simu, au kuusafisha kama bomba, hatumii sayansi. Anatumia tamathali, na sisi ndio tunaozijua.

Wajibu wetu

Yapo mambo matatu ambayo chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kuyafanya bila kusubiri fedha za mfadhili. Kwanza, tukae na wenzetu wa vitivo vya utabibu na saikolojia tuandae orodha fupi ya istilahi za ubongo kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni, kila istilahi ikiwa na maelezo ya sentensi mbili. Istilahi isiyo na maelezo ni ganda lisilo na kokwa.

Pili, tuwape wazazi maswali ya kuuliza, kwa maana anayejua kuuliza hatapeliwi kwa urahisi. Je, mbinu hii ililinganishwa na ile ya bandia? Aliyepima nafuu alijua nani alipewa nini? Je, daktari wa mtoto wangu anajua kwamba ninaianza? Je, dawa anazozimeza ziendelee? Ni vipindi vingapi, na nikiona hakuna mabadiliko nitaacha baada ya kipi? Maswali haya yanaweza kuchapishwa kwenye karatasi moja na kubandikwa katika zahanati yoyote.

Tatu, waandishi miongoni mwetu waandike juu ya sayansi. Kurasa zetu zimejaa uhakiki wa riwaya na mjadala wa mofolojia, na hayo ni mema. Lakini lugha inayohakiki riwaya pekee, huku ikiuachia ubongo wa mtoto usimuliwe na wauzaji, haijakomaa hata ikiwa na kamusi mia.

Hitimisho

Mrejesho wa ubongo si uchawi wala si ulaghai. Umewafunza watu kulitambua wimbi lisiloonekana, na umewawezesha wagonjwa waliofungika ndani ya miili yao kuandika barua. Huenda miaka ijayo ukathibitika kuwa tiba ya jambo fulani, kwa watu fulani, kwa utaratibu fulani. Siku hiyo ikifika, tutabadilisha jina kwa furaha, kwa kuwa lugha haioni haya kujirekebisha. Lakini kwa sasa ushahidi unasema zoezi, nasi tuseme zoezi.

Na kwa mzazi aliye na mtoto mwenye kifafa, ambaye leo vidonge vyake vinamtuliza na kesho atasikia habari za kofia yenye elektrodi, wahenga walikwisha kumwachia ushauri ulio bora kuliko wangu: usiache mbachao kwa msala upitao.